Kulabu Nne za Baraza ya Nyuma

Jinja, Jumapili jioni

Mpendwa Halima,

Asalaam aleikum. Mguu wa mama unaendeleaje? Mpe salamu zangu, mwambie nimemtaja katika dua tangu uliponipa habari.

Ndugu yangu, nyumba yetu inabomolewa kesho kutwa. Nakuandikia leo vumbi lake likiwa bado mikononi mwangu, maana kwa simu nitalia tu.

Wenyewe wameiuza, na aliyenunua anajenga maduka ya ghorofa. Imezungushiwa mabati pande zote. Nilimsalimu askari wa mlangoni, nikamwambia nimezaliwa humo ndani. Akanitazama kidogo, akafungua. "Mama, angalia misumari," ndiyo maneno yake pekee.

Pale mbele juu, jina na mwaka vilivyochongwa kwenye saruji bado vipo: 193, na tarakimu ya mwisho imebanduka. Unakumbuka ulivyoshikilia kuwa ni 1931, kwa sababu ndio mwaka treni ilipovuka Nile hapa Jinja ikafika Kampala, na mwalimu alikuwa ametufundisha siku hiyohiyo? Leo nimeitazama sana. Kilichobaki ni kipande kilichopinda. Moja haipindi, Halima.

Milango ya mvule imekwisha ondolewa. Vigae vya paa vimepangwa uani kwa safu. Nikageuza kimoja nikaona neno Mangalore limepigwa kwenye udongo. Miaka yote tumelala chini ya udongo wa India! Umevuka bahari mpaka Mombasa, ukapanda treni, ukaja kutukinga na mvua ya Jinja.

Halafu sebule. Zile mbao zilizotenga chumba chenu na chetu zimeng'olewa, nikasimama katikati nisijue kwenu kuliishia wapi. Ni chumba kikubwa ajabu. Nilipoinama ndipo nikaona mstari kwenye sakafu: upande wenu wekundu unang'aa bado, wetu umefifia. Mama yako alikuwa akisugua kila Ijumaa. Nikavua viatu nikakanyaga upande wenu.

Lakini lililonifanya nishike kalamu ni zile kulabu nne za baraza ya nyuma, zile nene zilizopigwa kwenye boriti. Mama yangu alifungia kamba ya nguo, na siku ya Idd baba yako alitundika kondoo. Usiku hatukupita chini yake. Wewe ndiye uliyeniambia kwamba ni za kunyongea watu wakati wa Amini, na mimi niliamini, nikawa nakojoa ndani ya beseni kuliko kwenda uani gizani.

Leo palikuwa na fundi mzee anayeng'oa boriti. Nilimwuliza. Akashangaa kwamba sijui. "Hizo ni za bembea," akasema. Alipokuwa kijana alitengeneza samani katika nyumba za Wahindi wa Gujarati, na karibu kila nyumba ilikuwa na ubao mpana wa kukalia ukining'inia kwa minyororo. Wazee walikaa hapo jioni wakinywa chai, na akina mama wakapakata watoto mpaka wapate usingizi.

Halima, mahali tulipopaogopa kuliko pote, mtu alikuwa akimbembelezea mtoto.

Niliketi kwenye ngazi za uani. Amini alitangaza Agosti 1972 kwamba Wahindi waondoke Uganda, akawapa siku 90. Tumelijua hilo tangu utotoni kama tunavyojua majina ya miji, wala sikuwahi kulipeleka kwenye baraza yetu, kwa watu waliokaa pale jioni wakihesabu siku. Wazazi wetu hawakuiba kitu. Walipewa vyumba na Bodi iliyotunza mali zilizoachwa, wakalipa kodi mpaka miaka ya tisini wenyewe waliporudishiwa nyumba. Siwalaumu hata kidogo. Ila tulikula na kulala humo miaka yote, na sikumbuki mtu hata mmoja akilitaja lile jina la mbele kwa sauti, wala sisi tuliokuwa tukilisoma kila tukitoka shule.

Nilimwomba fundi aning'olee kulabu mbili. Alihangaika nazo na mtaimbo, asitake hata shilingi. Moja ni yako. Ni nzito, imeshika kutu, na kwa ndani, pale mnyororo ulipokuwa ukisugua, chuma kimelika kikawa laini kama kijiko. Nimeifunga kwenye kanga, nitaituma kwa basi la Arua wiki hii.

Sasa nifanyie jambo moja kabla mama hajachoka na maswali. Kaa naye, umwulize: siku ile walipoingia, kabla hawajapanga vitu, minyororo ilikuwa bado inaning'inia? Na kama ilikuwepo, ni nani aliyeishusha? Andika jibu lake kama atakavyolisema, usilirekebishe.

Ni mimi ndugu yako,
Sauda