Fungu Kizimkazi si mahali pa kushuka

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie safari za boti kwenda Fungu Kizimkazi, kisiwa ambacho wageni hukiita Latham. Kipo zaidi ya kilomita 60 kusini-mashariki mwa Unguja, hakina mkazi, mti wala maji baridi. Watu hukifuata kwa uvuvi wa burudani, na sina ugomvi nao. Hofu yangu ni pale wanaposhuka nchi kavu.

Kisiwa chenyewe ni jiwe la matumbawe, tambarare, dogo kiasi kwamba mtu hukizunguka kwa dakika chache. Maelfu ya ndege wa baharini hutaga hapo, mayai yakiwa chini waziwazi, bila kiota cha maana. Mgeni akikaribia, mama huruka, na jua la Bahari ya Hindi halina subira na yai wala kinda. Kasa nao hupanda mchangani kutaga. Picha moja ya simu haina thamani hiyo.

Mamlaka husika zipige marufuku kushuka kisiwani bila kibali, na manahodha wawajibishwe wao kwanza, maana abiria hawezi kushuka asikopelekwa. Atakayetaka kuwaona ndege awatazame kwa darubini akiwa botini.

Msomaji wako,
Dar es Salaam