Barua kwa mwanangu anayekwenda Ulyankulu

Mwanangu mpendwa,

Nakusalimu kutoka nyumbani Songea. Sisi ni wazima, mvua inanyesha vizuri na mahindi ya bondeni yameanza kutoa mbelewele. Habari kwamba umepangiwa zahanati ya huko Ulyankulu, mkoani Tabora, imetufikia sote. Baba yako mdogo alipoisikia alikunja uso, akauliza, "Kule si kwa wakimbizi?" Nimeshika kalamu kwa ajili ya swali hilo. Sitaki usafiri nalo.

Watu utakaowakuta walikimbia mauaji ya Burundi mwaka 1972, wao au wazazi wao au babu zao. Wakapewa pori, wakalifyeka, wakalima mahindi na tumbaku. Wenzao walipelekwa Katumba na Mishamo, ambako leo ni Katavi. Katika makazi hayo matatu watu wapatao 162,000 wamepewa uraia wa Tanzania, na vyeti wakaanza kukabidhiwa mwaka 2014. Hesabu mwenyewe: ni miaka 42. Hata katikati ya kusubiri huko waliambiwa kwamba wakishakuwa raia watahamishwa na kutawanywa mikoa mingine, kwa hiyo mtu alishindwa kujua kama ajenge au afunge mizigo, mpaka mpango huo ulipoachwa. Leo wanaitwa "raia wapya." Kijana aliyezaliwa Ulyankulu, na mama yake akazaliwa hapo hapo, amekuwa mpya kwa nani? Serikali imeshamaliza kazi yake ya kuandika. Midomo ya watu bado.

Mimi mambo haya nayajua kwa ngozi yangu. Nilipoolewa na marehemu baba yako nikatoka Iringa kuja hapa, jina langu kijijini lilikuwa "yule Mhehe." Walinipokea vizuri, sitasema uongo. Waliniletea kuni, wakanionyesha kisima, wakaniletea unga. Lakini nilikuwa napewa tu. Hakuna aliyeniomba kitu, na mama, mtu asiyeombwa kitu bado ni mgeni hata awe na miaka kumi mahali pale.

Kilichonifungulia mlango ni utani. Unajua Wahehe na Wangoni walivyochinjana zamani, kati ya mwaka 1878 na 1882, vita kubwa ambayo wazee bado wanaisimulia. Baada ya damu ile kukauka, wajukuu wakafanya utani. Basi akafa mzee mmoja wa kitongoji cha juu, na mimi ndiye niliyekuwa Mhehe wa karibu. Wanawake wakaniambia, "Kazi yako hiyo." Nikaenda nikasimama kwenye mdomo wa kaburi, nikasema huyu hazikwi mpaka Wangoni walipe deni la babu zangu. Watu waliokuwa wakilia wakacheka, machozi yakiwa bado mashavuni. Wakatoa shilingi zao, nikasogea, tukamzika. Kesho yake jioni jirani alimtuma mtoto aje kuniomba chumvi. Nilimpa nikiwa na furaha ambayo mtoto yule hakuielewa.

Nimekaa nikafikiri sana juu ya hao wanaojiita wenyeji. Wangoni wenyewe walitoka kusini kabisa, wakavuka mto Zambezi mwaka 1835, na walipofika huku waliwakuta Wandendeule. Na kijiji chetu hiki kilichojipanga kandokando ya barabara ni cha Operesheni Vijiji ya 1974. Kabla ya hapo kila ukoo ulikuwa kwenye kilima chake. Watu walipakiwa kwenye malori na vyungu vyao, wakashushwa hapa, jirani hamjui jirani. Wajukuu wa watu hao hao waliolia usiku wa kwanza kwa kuona giza la mahali pasipo pao ndio leo wanamwambia mfugaji aliyefika na ng'ombe wake, "Rudi kwenu." Simtetei mfugaji akilisha shamba la mtu. Anayelisha mazao ya mwenzake alipe, awe amezaliwa hapa au amekuja juzi. Lakini nimeona ng'ombe wa mzawa wakila mahindi na mambo yakaisha kwa radhi na chungu cha ulanzi, na wa mfugaji wakila kiasi kile kile, watu wakakimbilia marungu.

Na wewe ulikuwa mdogo baba yako alipofariki, hujui yote. Arobaini haijapita, ndugu mmoja wa marehemu alisimama kwenye kikao akasema shamba la bondeni lirudi kwa ukoo, kwa kuwa mimi ni mtu wa Iringa. Nilikuwa nimezika wazazi wake. Nilikuwa nimempikia katika ile nyumba. Ilinichoma, na mpaka leo nikiipita njia ile moyo hunipiga. Waliosimama ni wanawake wenzangu, wale tuliokesha pamoja kwenye matanga mengi, wakasema hawaondoki mpaka jambo lifike serikali ya kijiji. Huko ndiko tuliposomewa kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 haiitambui mila inayomnyima mwanamke ardhi, na kwamba kwenye mkutano mkuu wa kijiji kila mkazi mtu mzima ni mjumbe. Sheria haikuuliza nilizaliwa wapi. Shamba hilo ndilo lililokusomesha unesi.

Kwa hiyo ukifika Ulyankulu, usijifungie na watumishi wenzako. Nimewaona watumishi wa namna hiyo hapa kwetu: nyumba zao zimepangwa mstari mmoja, wanapikiana wao kwa wao, wanazungumzia uhamisho, na wanakijiji wanawaita "wale wa serikali" mpaka siku wanapoondoka. Nenda misibani. Usitume mchango tu, nenda ukae mkekani, umenye viazi, uchote maji. Wanyamwezi, baba yako alikuwa akisema, nao ni watani wa Wangoni, hivyo usikasirike wakikuanza, wajibu vile vile. Asubuhi waambie "mwangaluka." Lakini hao waliotoka Burundi hawakupita kwenye mlango wa utani. Walipokelewa kwa orodha na mgawo. Wao uwaanze wewe. Sema "amahoro," halafu kaa uulize habari za tumbaku. Huko wanakausha kwa mvuke, sisi Ruvuma tuna ile ya moshi ya Namtumbo, na mkulima yeyote ukimgusa hapo atazungumza mpaka jua lizame.

Dirishani kwako usimwulize mgonjwa ni wa wapi isipokuwa kadi inahitaji kijiji anachoishi. Swali hilo hilo likitoka kwa mtu mwenye sindano mkononi linatisha. Na foleni iende kama watu walivyofika, au kama ugonjwa unavyodai.

Liko jambo jingine linalonikosesha usingizi. Katika mikoa hiyo, Tabora, Shinyanga, Mwanza, vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, na macho mekundu yakahesabiwa kuwa ushahidi. Hao hawakutoka nchi yoyote. Wamezaliwa hapo, wamezaa hapo, wamewapokea watoto wa kijiji kizima wakati wa uchungu, kisha wakageuzwa wageni uzeeni. Wewe ni nesi. Unajua moshi wa jikoni unavyoharibu macho. Siku ya kliniki kina mama wakiwa wamejaa kwenye benchi, mwite bibi mwenye macho hayo mbele yao, msafishe, umpe dawa, ueleze kwa sauti kinachoyasababisha. Mshike mkono wakati wa kumsindikiza. Na ukisikia familia yake inanong'ona, au sungusungu wamemtenga mtu hata moto asiazimwe, usinyamaze kwa kujiambia wewe ni wa kuja. Kamwone mganga mfawidhi, kisha mtendaji, nenda na mwenzako, usiende peke yako.

Najua utakuwa na hofu siku za kwanza. Ni haki yako. Wakikuita "yule Mngoni," itika.

Nimekufungia unga wa ulezi kilo tano na karanga, kaka yako atavipeleka stendi Jumanne. Mwambie ni mtandao gani wa simu unashika huko ili tununue laini mapema. Na hilo swali la baba yako mdogo nimeshamjibu mwenyewe mbele ya wenzake.

Mama yako