Achari ya Bi Mkubwa

Leeds, Jumapili usiku

Mwandani wangu Saumu,

Assalaam alaykum. Wambaje, na watoto? Sisi huku wazima, alhamdulillahi, ni baridi tu. Najua nimekaa kimya tangu Idi kubwa. Niwie radhi.

Rehema amenipigia juzi akanambia Bi Mkubwa mikono yamuuma, na Ramadhani hii hatatengeza achari. Saumu, usingizi ulinipaa. Mpe pole sana, nitampigia mwenyewe Ijumaa. Lakini ile achari... wanijua, mie chakula kisichowasha sihisabu kuwa nimekula.

Nimejaribu peke yangu. Duka la Wajamaika hapa mtaani lina pilipili mbuzi yetu hasa, wao waiita Scotch bonnet. Nilipoikata, ile harufu yake tamu kama ya tunda ikanijia kabla ya ukali, nikajiona niko Mama Ngina, kule ufuoni Mombasa, wakati wa magharibi, mhogo wa kuchoma umepasuliwa kati, yule mzee achovya ndimu kwenye chumvi na pilipili ya unga, ausugua mpaka wageuka mwekundu. Nikakaa chini, kisu mkononi.

Ndimu nilizipasua nne nne bila kuziachanisha, nikazishindilia chumvi, chupa nikaiweka dirishani. Lakini jua la Januari huku latoka saa mbili asubuhi, saa kumi jioni limeshatua, na siku nyingi hulioni kabisa. Wiki ya pili ikaota ukungu mweupe kama pamba. Ndimu kumi na mbili nimezimwaga.

Basi nakuomba, kaa na Bi Mkubwa jikoni. Yeye aseme, wewe ufanye, uandike. Akikwambia "kadiri ya macho" usikubali, mpimie kwa kikombe cha chai. Na umuulize pilipili. Mie nilikuwa nikitoa mbegu nikidhani ndizo kali, kumbe ukali umo kwenye ule utando mweupe unaozishika. Yeye alikuwa akikwangua kitu kwa ncha ya kisu, nami nacheza, sikutazama! Wakumbuka tuliposhindana kutafuna nzima nzima barazani kwenu? Nikabugia maji, moto ukazidi, yeye ndiye aliyeniletea maziwa lala.

Achari ile isipotee mikononi mwetu, Saumu. Kila nikila kitu hapa naiwaza.

Siki yatiwa, au ni maji ya ndimu peke yake? Alikuwa akianika siku ngapi kule darini? Huku pasipo jua, aonaje, joto la jikoni latosha? Ile chupa ya mwaka jana imebaki hata kidogo? Kuna mtu wa kuja huku kabla ya Ramadhani? Na mikono yenyewe ni yote miwili? Ameshaonwa na daktari, au ajisugua mafuta tu?

Nijibu upesi. Ndimu nyingine nimeshanunua.

Wako,
Mwanaisha