Barua ya wazi kwa Mkuu wa Kituo chetu: Kifungu cha 49 cha Katiba ya Kenya kiandikwe ukutani

Kwa Afande Mkuu wa Kituo,

Salaam. Sura yangu unaijua, hata kama jina hulijui. Mimi ndiye mama wa mahamri na mbaazi, meza yangu iko ng'ambo ya barabara, mkabala na lango lako. Askari wako wakitoka zamu ya usiku hupata kifungua kinywa kwangu kabla ya kwenda kulala. Wengi wao ni watoto wazuri, wananiamkia kwa heshima. Kwa hiyo siandiki kwa chuki. Naandika hadharani kwa sababu nilipokuja kukuona niliketishwa kwenye benchi siku mbili, na siku zote mbili nikaambiwa uko mkutanoni.

Ijumaa moja ya mwezi uliopita, saa kumi na moja jioni, mtoto wa kaka yangu alikamatwa kwenye stendi ya bodaboda pamoja na wenzake. Alipouliza kosa lake, akaambiwa atalijua mbele ya safari. Nilileta chai na mkate. Vikapokewa, lakini mtoto sikuonyeshwa. Jumamosi nikaambiwa nilete shilingi 5,000 za bondi. Nikauliza risiti, nikatazamwa kama niliyetukana. Jumapili usiku wakafunguliwa mmoja mmoja, hakuna mashtaka, hakuna karatasi. Pikipiki si yake. Mwenyewe hungoja hesabu yake kila jioni, na hizo siku alizolala ndani amedaiwa zote.

Usiku ule wa Jumamosi binti wa jirani alinisomea Katiba kwenye simu yake. Afande, hapo ndipo nilipoona haya. Katiba hiyo ninayo nyumbani, nakala ya karatasi, tangu mwaka 2010. Tarehe 4 Agosti nilipanga foleni tangu alfajiri kuipigia kura ya ndiyo, na tarehe 27 Rais Kibaki alipoitia sahihi pale Uhuru Park tulipiga vigelegele mtaa mzima. Lakini nilikuwa nimesoma sura ya ardhi peke yake, maana sisi wa Pwani ardhi ndiyo iliyokuwa kidonda chetu. Kifungu cha 49, kinachosema juu ya mtu aliyekamatwa, sikuwahi kukifungua. Sikudhani kitanihusu.

Nimekisoma sasa, tena mara nyingi, na nataka tukisome pamoja, kwa sababu kuna mahali nadhani kinasomwa vibaya.

Kinasema aliyekamatwa afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo. Hilo ndilo neno la kwanza. Kisha kinaweka mpaka: yasipite masaa 24. Kisha kinasema kwamba kama masaa hayo yataishia wakati mahakama imefungwa, basi mpaka ni mwisho wa siku ya mahakama inayofuata. Sasa hesabu nami. Mtu akikamatwa Jumanne asubuhi, kufikia Jumatano asubuhi lazima awe amemwona hakimu. Akikamatwa Ijumaa saa kumi na moja jioni, masaa yake yanaishia Jumamosi, mahakama imefungwa, na mpaka unasogea hadi Jumatatu jioni. Masaa 24 yamekuwa 72. Ndiyo maana kila kijana wa stendi anajua kuwa Ijumaa jioni ni saa ya kujificha, awe ana kosa au hana. Wikendi imekuwa kifungo cha siku tatu ambacho hakuna hakimu aliyekitoa.

Najua mtu anaweza kunijibu kwamba Katiba yenyewe imeruhusu. Haikuruhusu hivyo. Ule ni mpaka wa mwisho kabisa, kwa siku ambayo hakuna njia nyingine. Na njia nyingine ipo, imeandikwa kwenye kifungu hichohicho: mtu ana haki ya kuachiliwa kwa dhamana yenye masharti ya kiasi, hata kabla ya kushtakiwa, isipokuwa pawe na sababu nzito ya kumzuia. Tena kosa ambalo adhabu yake ni faini tu, au kifungo kisichozidi miezi sita, mtu hawekwi rumande kwa ajili yake. Makosa ya vijana wa bodaboda mengi ni ya namna hiyo: kofia ngumu, koti la kung'aa. Kwa hayo mtu anaweza kuandikiwa siku ya kurudi akaenda kulala kwao.

Na bondi, Afande, haina bei. Ni ahadi ya maandishi kwamba nitarudi siku fulani, saa fulani. Pakihitajika pesa taslimu, hiyo ni amana: inaandikiwa risiti, na mwenyewe akitimiza ahadi anarudishiwa. Pesa isiyo na risiti sijui niiite nini kwa adabu.

Mtoto wa kaka yangu alinisimulia na habari ya wenzake wa seli. Palikuwa na mzee kutoka bara ya huku kwetu, Kiswahili chake cha kuokoteza, lugha yake hasa ni Kigiriama. Aliletewa maelezo yaliyoandikwa kwa Kiingereza akaambiwa aweke kidole gumba. Akaweka. Kifungu cha 49 kinaanza na hilo hasa: mtu aambiwe mara moja, kwa lugha anayoielewa, kwa nini amekamatwa, aambiwe kwamba ana haki ya kunyamaza, na kwamba akisema kitatokea nini. Hakuna wa kumlazimisha akiri. Ana haki ya kuzungumza na wakili, au na mtu mwingine ambaye msaada wake unahitajika. Palikuwa pia na mtoto wa miaka kumi na minne, amelala katikati ya watu wazima. Huyo analindwa na Kifungu cha 53: mtoto huzuiliwa pale tu ambapo njia nyingine zote zimeshindikana, kwa muda mfupi kabisa, na mbali na watu wazima.

Nawasikia wateja wangu wakisema haki hizi ni za kuwalinda wezi. Mimi niliwahi kuibiwa mkebe wa mauzo hapo hapo mezani, nikalia. Namtaka mwizi afungwe. Lakini Kifungu cha 50 kinasema ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki utatupwa nje ikiwa kuupokea kutaharibu uadilifu wa kesi. Kile kidole gumba cha mzee, hata kama angekuwa na hatia, wakili yeyote anaweza kukipangua, na kazi yote ya askari wako ikapotea bure.

Kuna jambo jingine nilikutana nalo, likanihuzunisha kwa upande wako. Kifungu cha 24 kinakubali kwamba sheria inaweza kuwapunguzia askari polisi na wanajeshi haki kadhaa, na hiki cha 49 kimo katika orodha hiyo. Sikulijua. Sasa nawatazama wale vijana wako wakila mahamri nikiwaza: huenda hata wao hakuna aliyewahi kuwakalisha chini akawaeleza Katiba inawapa nini na inawanyima nini.

Ombi langu ni moja. Andika Kifungu cha 49 ukutani, pale kaunta, mahali mtu anaposimama akivuliwa mkanda na viatu. Kiandikwe kwa Kiswahili, ambacho Kifungu cha 7 kinakitambua kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, na chini yake kwa Kigiriama. Herufi kubwa, za kusomeka na mtu aliyeshikwa na hofu. Pembeni yake iandikwe kwamba bondi ni bure na kwamba pesa yoyote ya dhamana ina risiti. Asiyejua kusoma asomewe, na katika OB, kile kitabu cha matukio cha kituo, iandikwe kwamba amesomewa na nani, saa ngapi.

Sikuombi fadhila. Kifungu cha 19 kinasema haki hizi ni za kila mtu na hazitolewi na serikali. Ningeweza kwenda kwenye mamlaka ya kusimamia polisi, IPOA. Ningeweza kwenda mahakamani pia, maana Kifungu cha 22 kinaniruhusu kufungua kesi ya haki bila kulipa ada. Nimeona nianze na wewe, kwa kuwa sisi ni majirani na kesho tutaonana tena.

Rangi nimeshanunua, nyeusi lita mbili na nyeupe lita nne. Kijana anayeandika mabango ya maduka pale sokoni amekubali kuja bila malipo, na mwalimu mmoja mstaafu amekwisha kuyatafsiri maneno kwa Kigiriama. Nakuomba uniambie siku. Ikiwezekana, isipite Ijumaa.

Ni mimi jirani yako,
Mama wa mahamri, mkabala na lango la kituo