Mama Salma, ukija na watoto twende Nantes

Shoga yangu mama Salma, salama huko Kilwa? Watoto hawajambo? Mi mzima, baridi tu ndo inanichosha.

Meseji yako nimeiona, eti watoto wanataka Paris wapige picha na ule mnara wa Eiffel, sawa, si ndo mtashukia hapo hapo, ila wape siku moja tu halafu mpande TGV, treni ya kasi, pale stesheni ya Montparnasse, masaa mawili na ushee mshafika kwangu Nantes. Ikiwezekana njooni wikiendi, maana toka 2021 tramu na mabasi ya hapa Jumamosi na Jumapili ni bure kabisa, na ukiwa na watoto hiyo sio hela ndogo.

Kitu cha kwanza watakachotaka ni tembo. Yani tembo wa mbao na chuma, urefu wa kwenda juu mita 12, anabeba watu kama 50 na anatembea kwelikweli, pale kisiwani kulikokuwa na viwanda vya meli mpaka cha mwisho kikafungwa 1987. Masikio ya ngozi yanapepea, macho yanafumba, na mkonga ukiwageukia kimbieni maana unarusha maji, mwanangu mdogo alilowa chapachapa akarudi tena makusudi. Miguu inanyanyuka vizuri tu ila ukichungulia chini utaona magurudumu ndo yanayombeba, Salma na ujuaji wake lazima agundue.

Halafu kuna ngome ya watawala wa zamani wa Bretagne, jimbo la huku magharibi mwa Ufaransa, iko katikati ya mji. Kuingia uani na kutembea juu ya ukuta hulipi, makumbusho ya ndani ndo unalipa, na hapo usibane hela. Maana huu mji ndo ulikuwa bandari kubwa kuliko zote Ufaransa kwa biashara ya watumwa, na wenyewe hawajaficha. Makumbusho hayo yana mchoro wa meli moja inaitwa Marie-Séraphique, umepakwa rangi vizuri kabisa, watu wamepangwa humo ndani kama dagaa. Mi nilishindwa kuutazama mara ya pili. Ukitoka hapo twende Quai de la Fosse, kando ya mto, kuna ukumbusho wa kukomeshwa utumwa uliofunguliwa 2012, chini wameweka vioo 2,000 njiani, vingi vina majina ya meli, unatembea unasoma.

Na usidhani ni habari za Afrika Magharibi peke yake, yule mfanyabiashara wa watumwa Morice aliyeandikiana mkataba na sultani wa hapo kwenu 1776 auziwe watu 1,000 kwa mwaka alikuwa Mfaransa, akiwapeleka Mauritius. Salma ameshakua, mwelezee. Mdogo tutampa biskuti za LU atulie, zimeanzia hapahapa.

Tiketi za tembo tukate mapema, wakati wa likizo zinaisha haraka, na hata kama ni Julai beba makoti ya mvua. Mi niletee korosho, za kubangua, sio zile za pakiti.

Wako, mama Zuberi