Hataza za vipimo: tunawahi kuchapisha, tunachelewa kusajili

Mhariri,

Mimi ni fundi maabara hapa Arua, Uganda. Nikifungua boksi la vipimo vya haraka husoma yale maandishi madogo ya ubavuni: kiwanda, nchi, pengine namba ya hataza, yaani haki ya kisheria ya mbunifu (patent). Sijawahi kukuta jina la Entebbe, mji wetu wa utafiti wa virusi.

Na virusi vya West Nile vilitambuliwa mwaka 1937 katika damu ya mama mmoja mwenye homa, wa upande wetu huu wa West Nile. Zika ikafuata mwaka 1947, kwa tumbili aliyefungiwa ndani ya tundu msituni karibu na Entebbe. Kazi zote mbili ni za taasisi ambayo leo ni Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda. Farasi wa Marekani wana chanjo ya West Nile. Binadamu bado hatuna. Farasi wana mwenye kulipa!

Wenzangu husema tumeibiwa virusi vyetu. Mimi sikubali. Kirusi ni kitu cha asili. Anayelindwa, kwa miaka 20, ni aliyebuni kipimo au chanjo, na sharti ubunifu uwe mpya. Mtafiti wetu akishamwaga kila kitu kongamanoni, au akachapisha makala kabla ya kuwasilisha ombi la hataza, katika nchi nyingi upya umekwisha. Hapo ndipo tunapopoteza.

Naomba taasisi zetu ziajiri mwanasheria wa hataza, akae humo humo maabara, asome kila makala kabla haijatumwa. Ada za usajili nazo zilipwe na taasisi, zisitoke mfukoni mwa mtafiti.

Fundi maabara,
Arua