Risala kwa Mgeni Rasmi: Floridi katika Maji ya Nakuru, Vipimo Vyake na Machujio Yake

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwalimu Mkuu mwenyeji wetu,
Wanachama wa bodi,
Wazazi, walimu wenzetu na wanafunzi,

Hamjambo.

Kwa niaba ya walimu wa kemia na mafundi wa maabara wa shule zinazoshiriki maonyesho haya ya sayansi, tunakukaribisha Nakuru. Muda tuliopewa hatutautumia kuhesabu vikombe na vyeti. Tutakueleza habari ya floridi iliyo katika maji tunayokunywa, jinsi inavyopimwa na kupunguzwa, na mahali kazi hiyo inapoharibikia. Maombi yako mwishoni, nayo ni matatu tu.

Mheshimiwa, chanzo ni miamba. Bonde la Ufa limejaa mawe na majivu ya volkano yenye floridi, na maji yakikaa chini ya ardhi miaka na mikaka huiyeyusha kidogo kidogo. Penye kalsiamu ya kutosha, floridi hushikana nayo ikatuama. Lakini maji mengi ya chini katika bonde hili yana sodiamu na baikaboneti tele, kalsiamu haba, kwa hiyo floridi haina wa kuizuia. Ndiyo maana kisima ambacho watu hukisifu kwamba sabuni yake hutoa povu upesi mara nyingi ndicho cha kutiliwa shaka kwanza.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza floridi isizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji ya kunywa. Shirika hilohilo limeandika kwamba kiwango cha juu kabisa kuwahi kupatikana katika maji ya asili ni miligramu 2,800 kwa lita, na maji yenyewe yalikuwa ya Ziwa Nakuru, hili tunaloliona kutoka mjini. Maji ya ziwa hayanywewi na mtu, ila yanatuonyesha bonde hili limebeba nini.

Madhara yake mnayajua, hatutayakalia sana. Doa la kahawia huingia jino likiwa bado linaumbwa ndani ya ufizi, kabla ya mtoto kufika miaka minane hivi, kwa hiyo mswaki hauliondoi. Floridi nyingi mno kwa miaka mingi hukaza viungo na mifupa. Jambo ambalo wazazi wengi bado wanalikosea ni kuchemsha. Moto huua vijidudu lakini floridi hauigusi. Lita 10 zenye miligramu 3 kwa lita zikichemka hadi zikabaki 8, kila lita sasa ina miligramu 3.75. Tena mboga na maharagwe yaliyopikwa kwa magadi huongeza floridi nyingine juu ya hiyo, kwa kuwa magadi yetu nayo hubeba floridi.

Sasa tuje kwenye kipimo, maana hapa ndipo penye kazi.

Kifaa tunachokitegemea zaidi ni elektrodi ya floridi. Ncha yake ni fuwele ya lanthanamu floridi iliyotiwa europiamu kidogo, uvumbuzi wa mwaka 1966 ambao haujapitwa na wakati. Ayoni za floridi hurukaruka kutoka nafasi moja hadi nyingine ndani ya fuwele hiyo, na mita husoma tofauti ya umeme kwa milivolti. Kasoro yake ni kwamba ayoni ya haidroksidi inalingana na ya floridi kwa ukubwa na kwa chaji. Maji yenye alkali nyingi basi huidanganya elektrodi isome floridi ambayo haimo. Maji yakiwa na asidi kupita kiasi mambo hugeuka: floridi hushikana na haidrojeni, na elektrodi haiioni. Aluminiamu na chuma nazo huificha vilevile.

Dawa ya matatizo hayo yote ni bafa moja, yaani myeyusho unaoshikilia pH isiyumbe, na shule yoyote yenye mizani na mita ya pH inaweza kuitengeneza. Katika mililita 500 za maji yaliyokenekwa, tia mililita 57 za asidi ya asetiki isiyozimuliwa (glacial), gramu 58 za sodiamu kloridi ya maabara, na gramu 4 za CDTA, kemikali inayoikamata aluminiamu na chuma ili floridi iwe huru. Weka chombo ndani ya beseni la maji baridi, kisha ongeza sodiamu haidroksidi kidogo kidogo hadi pH iwe kati ya 5.0 na 5.5. Jaza maji hadi lita 1. Anayemimina haidroksidi yote kwa mpigo hupata mchanganyiko wa moto unaorusha mvuke wa siki machoni, na pH aliyosoma wakati huo si ya kuaminiwa mpaka upoe.

Kwa maji ya kulinganishia, gramu 2.210 za sodiamu floridi iliyokaushwa zikiyeyushwa katika lita 1 hutoa miligramu 1,000 kwa lita. Mililita 10 za hayo zikijazwa hadi lita 1 ni miligramu 10, na mililita 100 za hayo ya pili zikijazwa tena hadi lita 1 ni miligramu 1. Sodiamu floridi ni sumu, isivutwe kwa mdomo kamwe. Vyombo viwe vya plastiki, kwa sababu floridi huishambulia kioo, hasa penye asidi. Kila kipimo, kiwe cha kulinganishia au cha kisima, huchanganywa na bafa nusu kwa nusu, mililita 25 kwa 25.

Elektrodi ikitolewa kwenye maji ya miligramu 1 ikatiwa katika ya miligramu 10, usomaji hushuka milivolti kati ya 54 na 60 katika joto la kawaida la chumba. Ukishuka 45, usipime maji ya mtu. Pengine fuwele imechafuka, nayo husuguliwa taratibu kwa dawa ya meno yenye floridi (ndiyo, ileile ya dukani) kisha ikasuuzwa vizuri. Pengine kuna kiputo cha hewa chini ya ncha, kinachoondoka ukiinamisha elektrodi kidogo. Au mashine ya kukorogea imepasha kopo joto, na usomaji unateleza kila dakika huku mwanafunzi akidhani maji ndiyo yanabadilika. Kipande cha kadibodi kati ya mashine na kopo kinatosha. Maji ya ziwa, au ya kisima chenye magadi mengi, ukiyatia bafa hutoa mapovu kama soda na pH hukataa kushuka. Hayo yazimuliwe kwanza mara 100, pH ikaguliwe, ndipo yapimwe.

Njia ya pili ni ya rangi iliyofungwa na metali iitwayo zirikoni. Rangi nyekundu hufifia kadiri floridi inavyozidi, na kipimarangi huisoma kwenye nanomita 570. Ni rahisi kubeba hadi kisimani, lakini ina mitego miwili inayotuhusu moja kwa moja. Maji yaliyosafishwa kwa shabu hubaki na aluminiamu kidogo, na aluminiamu huifanya floridi ionekane chini kuliko ilivyo. Maji yaliyopita kwenye mkaa wa mifupa, yaani mifupa iliyochomwa ili inase floridi, huweza kubeba fosfeti, na fosfeti huifanya ionekane juu. Kwa hiyo chujio la shabu hupata sifa lisizostahili, na la mifupa hulaumiwa bila kosa. Ukiona majedwali mawili ya kisima kimoja yanapingana, uliza kwanza maji yalipita wapi kabla ya kupimwa.

Njia ya tatu ndiyo mpya, na inatufurahisha sisi wa kemia kwa kuwa imechukuliwa kutoka kwa bakteria. Baadhi ya bakteria wana kipande cha RNA (molekuli inayobeba maagizo ya jeni) kinachobadili mkunjo wake kikikutana na floridi, na kwa kufanya hivyo huwasha jeni za kujikinga. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, walikichukua kipande hicho cha Bacillus cereus wakakiunganisha na jeni la kimeng'enya kinachozaa rangi ya manjano. Kisha waliweka mchanganyiko wote katika kijichupa pamoja na mitambo ya seli iliyotolewa ndani ya bakteria, wakaukausha kwa baridi. Humo hamna kiumbe hai. Unadondosha maji, mchanganyiko unaamka, na penye floridi nyingi kijichupa hugeuka manjano.

Kifaa hicho kilijaribiwa hapa hapa Kaunti ya Nakuru, na matokeo yakachapishwa mwaka 2023. Kati ya sampuli 57, asilimia 89.5 ziliainishwa sawasawa kama ziko juu au chini ya 1.5, yaani sampuli 51. Watumiaji wote, ambao hawakuwa wataalamu, waliweza kukitumia, na walisoma vibaya sampuli moja tu. Sisi tunaona hiyo ni kazi nzuri. Tunaona pia kwamba sampuli 6 zilikosewa, na kwamba kijichupa hujibu ndiyo au la. Mama anayetaka kujua kama maji yake yapite kwenye chujio, kinamfaa. Fundi anayetaka kujua chujio limebakiza nguvu kiasi gani, hakimfai, kwa kuwa anahitaji namba.

Hapo tunafika kwenye machujio, Mheshimiwa. Mkaa wa mifupa si mgeni Nakuru. Mpango wa maji wa Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru ulianza kuushughulikia mwaka 1998, na baadaye ukafanya utafiti pamoja na taasisi ya maji ya Uswisi, Eawag. Mifupa ya ng'ombe husafishwa nyama, ikachomwa kwenye nyuzi 400 hadi 500 za Selsiasi kwa hewa kidogo, ikasagwa, ikachekechwa na kuoshwa hadi maji ya kuoshea yawe maangavu. Kinachobaki zaidi ni haidroksiapataiti, madini ya kalsiamu na fosfeti yaliyo katika mfupa, ambayo huachia haidroksidi na kuishika floridi mahali pake.

Moto ndio unaotofautisha mkaa mzuri na takataka. Chini ya nyuzi 400 mafuta hubaki ndani, na maji hutoka na rangi na harufu ya supu iliyolala. Moto ukipita 600, fuwele ndogondogo huyeyukiana na vitundu huzibika. Mfupa mweupe kama chokaa hupendeza macho lakini hushika floridi kidogo sana. Tunaoununua tunautaka mweusi au wa kijivu, usionuka.

Na hata ulio bora huchoka. Tukikadiria kila gramu inashika miligramu 2, kilo 10 hushika miligramu 20,000. Maji ya miligramu 5 yakitolewa 4, chujio hilo litahudumia lita 5,000. Nyumba inayotumia lita 20 kwa siku ina siku 250. Darasa linalochota lita 500 kwa siku lina siku 10 tu. Hesabu ni fupi hivyo, na bado utakuta chujio la shule limeandikwa tarehe ya kubadilishwa mwaka ujao. Chujio lililochoka halinuki wala halibadilishi rangi. Maji yanaendelea kutoka yakiwa safi na matamu kama jana, nayo yamerudi kwenye miligramu 5.

Ili lidumu zaidi, utafiti uliofanywa hapa uliongeza chembe za kalsiamu na fosfeti ndani ya mkaa, ili floridi itue juu ya mfupa pamoja nazo badala ya kungoja nafasi ndani yake. Inafanya kazi vizuri maji yakipita polepole. Bomba likifunguliwa wazi kwa haraka ya foleni, fosfeti hupita bila kushikana na chochote, na pesa zimemwagika.

Penye paa na tangi, njia rahisi kuliko zote ni kuchanganya. Maji ya mvua hayana floridi ya kutajika. Kisima cha miligramu 6 kinahitaji sehemu moja ya maji yake kwa sehemu tatu za mvua ili kufika 1.5. Ndoo moja, ndoo tatu. Jikoni tu, tena ya kunywa na kupikia. Ya kufulia yaachwe yalivyo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, maombi yetu ni haya. Tunaomba elektrodi moja na mita yake vitakavyotumiwa kwa zamu na shule hizi, kwa kuwa kemikali za bafa tunaweza kuzinunua wenyewe. Tunaomba kila kioski cha maji kibandikwe karatasi yenye kiwango cha floridi, tarehe iliyopimwa na njia iliyotumika, na hiyo njia isisahaulike kwa sababu tulizozitaja. La tatu, kila chujio la shule lifungwe mita ya lita kwenye bomba lake, ili mkaa ubadilishwe kwa lita zilizopita, si kwa kalenda.

Kwenye meza ya pili kulia kwako kuna vikopo vinne vya plastiki vilivyokwisha kutiwa bafa: maji ya mvua, maji ya kisima, maji hayo ya kisima yaliyochujwa leo asubuhi, na maji ya chujio ambalo tumeliacha likachoka makusudi. Ukiyatazama huwezi kuyatofautisha. Mita imeshalinganishwa, na tunakuomba uchovye elektrodi wewe mwenyewe na usome namba mbele ya wazazi.

Ahsante kwa kutusikiliza.

Ni sisi,
Walimu wa kemia na mafundi wa maabara,
Nakuru.